Mahindi yenye ukungu kwa ng'ombe, dawa kwa kuku, samadi mtoni: vyote vinarudi kwenye sahani

#1 Ghala Kavu (mtoa mada)

Wakuu, popote palipo na nafaka na mifugo utaikuta kauli hii: "Haya yameharibika, hayafai kuliwa na watu, wape ng'ombe." Anayeisema anaamini kwamba tumbo la mnyama ni jalala, kikiingia humo kimekwisha. Hakijaisha, na hapa kuna hesabu yake.

Naanza na sumukuvu kwa sababu ndiyo inayopimika vizuri kutoka shambani hadi kwenye kikombe. Kuvu wawili, Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, huota kwenye mahindi, karanga, mbegu za pamba na mashudu yake. Wanalivamia zao lililopata kiu likiwa linakomaa, lililotobolewa na wadudu, au lililoingizwa ghalani halijakauka. Sumu wanayotoa ni aflatoksini, na kali kuliko zote ni B1. Imethibitika kwamba inaleta saratani ya ini kwa binadamu, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B hatari hiyo hupanda hadi mara 30 kuliko kwa asiye navyo.

Dunia iliijua sumu hii kupitia chakula cha mifugo. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga wapatao 100,000 walikufa kwa ugonjwa usioeleweka, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Kwa upande wa watu, mwaka 2004 nchini Kenya waliugua 317 na kufa 125 kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Sasa hesabu. Ng'ombe wa maziwa anakula kilo 5 za chakula cha ziada kwa siku, na kila kilo ina maikrogramu 100 za B1. Jumla amekula maikrogramu 500. Ini lake linabadili sehemu ya B1 kuwa M1, aflatoksini nyingine ya jamii hiyo, na kiasi kinachotokea kwenye maziwa ni kama asilimia 1 hadi 3 ya alichokula, kwa ng'ombe anayetoa sana hata 6. Chukua 2: hizo ni maikrogramu 10 za M1. Akitoa lita 10, kila lita ina maikrogramu 1. Ukomo wa Codex Alimentarius (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa maziwa ni maikrogramu 0.5 kwa kilo, na wa Umoja wa Ulaya ni 0.05. Maziwa hayo yana mara mbili ya ukomo wa kwanza na mara ishirini ya ukomo wa pili. Ng'ombe mwenyewe anasimama vizuri tu, labda amepungua maziwa kidogo.

Wenye ujuzi wa dawa za mifugo, samadi na maji karibuni, maana kila kipande kina mzunguko wake.

#2 Swalilangu

Mkuu, lakini maziwa yanachemshwa. Na nafaka inapikwa muda mrefu. Hiyo sumu haifi?

#3 Ghala Kavu

Kinachokufa ni kimelea. Aflatoksini ni kemikali, na inaanza kuvunjika kwenye joto linalozidi nyuzi 230 hivi, ambalo sufuria yenye maji haifiki. Kugandisha maziwa hakuiondoi. Jibini ndiyo mbaya zaidi: M1 hushikamana na protini ya kasini, kwa hiyo maji ya maziwa yakitoka sumu inabaki, na kilo ya jibini inaweza kuwa nayo mara 3 hadi 5 ya iliyokuwemo kwenye kilo ya maziwa.

Kuchemsha endelea nako, kuna sababu zake. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, zinaua vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na brusela. Ila hilo ni tatizo tofauti, na dawa yake haitibu hili.

#4 Mpimaji

Naongezea kwenye ukaushaji, maana ndipo mchezo unapoanzia.

Mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Karanga zilizobanguliwa ni 7 hivi, kwa kuwa zina mafuta mengi na maji kidogo tu yanatosha kuamsha kuvu. Kama huna mashine, tumia chumvi: chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye mfuniko, tia mahindi gramu 250 hadi 300, tia chumvi kavu gramu 20 hadi 30, funga, tikisa dakika mbili, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15. Isiponata, uko chini ya 15.

Wengi wanakosea hapo. Chumvi haikuambii kwamba umefika 13.5. Inakuambia umeshuka chini ya 15 tu, kwa hiyo baada ya kufaulu bado anika siku moja au mbili zaidi za jua kamili kisha rudia. Na chumvi yenyewe uikaushe kwanza, vinginevyo itanata hata kwa mahindi makavu.

Kausha juu ya turubai au chanja, kamwe si juu ya udongo mtupu: vijidudu vya kuvu makao yake ni udongo. Tandaza unene usiozidi sentimita 4 au 5 na ugeuze kila saa. Jioni funika kabla umande haujashuka. Mahindi yaliyokauka mchana yakalowana usiku, kisha yakakaushwa tena, hupasuka punje, na punje iliyopasuka ni mlango wazi.

Kupukuchua kwa kupiga gunia kwa fimbo kunavunja punje vilevile. Mashine ya mkono ni bora.

#5 Swalilangu

Na yale magunia ya plastiki yasiyopitisha hewa? Nasikia yanamaliza kila kitu.

#6 Mpimaji

Yanamaliza wadudu. Ndani ya gunia lililofungwa vizuri wadudu wenyewe na nafaka hutumia oksijeni mpaka ikashuka mno, wadudu wakaacha kula na wakafa. Bila dawa, hilo ni jambo kubwa kwa afya ya mlaji. Lakini gunia halikaushi. Ukiweka mahindi ya asilimia 17 utayakuta yamechachuka, na pale mfuko ulipotobolewa na panya utakuta kisiwa cha ukungu. Makosa matatu ya kawaida: kufunga ukiwa na hewa nyingi juu (kandamiza hewa itoke, kisha sokota kila tabaka la plastiki na kulifunga peke yake), kufungua kila baada ya siku mbili, na kuegemeza gunia ukutani ambako mvuke hugandia.

Sumu iliyokwishaingia kabla ya gunia inabaki humo humo.

#7 Kinu cha Kati

Mimi nipo upande wa usagaji wa chakula cha mifugo. Tuseme ukweli, mtu akiwa na tani 10 zenye sumu kidogo hawezi kuzitupa. Kinachofanyika ni kuchanganya na nafaka safi mpaka kiwango kishuke. Namba ikiwa chini ya ukomo, kosa liko wapi?

#8 Ghala Kavu

Kosa la kwanza ni la kisheria: Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuchanganya shehena iliyozidi kiwango na safi ili kupunguza namba, na Marekani kwa kawaida hairuhusu. Kosa la pili ni la kipimo, na hili linawaangusha hata waaminifu. Sumukuvu haitawanyiki sawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Ukichota gramu 100 juu ya gunia ukapima, majibu ya "safi" hayana maana yoyote. Unajua kiwango cha mkono wako tu.

Sampuli inachukuliwa hivi: mkuki wa kuchomea kwenye kila gunia au magunia mengi kadiri inavyowezekana, juu, katikati na chini, unganisha hadi upate kama kilo 5, saga zote, siyo kuchota kwanza ndipo usage, changanya unga vizuri, ndipo uchote gramu 50 za kupima. Anayechota punje 50 na kuzisaga peke yake amecheza bahati nasibu.

#9 Mpimaji

Na ile taa ya zambarau ya kumulika mahindi isiwadanganye. Mng'ao wa kijani-njano unatokana na asidi ya koji ambayo kuvu huyo huyo huitengeneza. Unakuonyesha kwamba huenda kuvu alipita. Kiasi cha sumu haukuonyeshi, na mahindi yaliyokaa muda mrefu yanaweza yasing'ae kabisa yakiwa na sumu.

Kinachofanya kazi bila mashine ni kuchambua kwa mkono. Toa zilizovunjika, zenye rangi isiyo ya kawaida, nyepesi, zilizotobolewa. Sumu nyingi iko kwenye hizo, kwa hiyo unapoteza uzito kidogo na kuondoa sehemu kubwa ya tatizo.

#10 Kinu cha Kati

Sawa, nimekubali. Hizo takataka za kuchambua nazipeleka wapi? Maana hapo ndipo kuku wanapotajwa.

#11 Ghala Kavu

Hapo ndipo penyewe. Ulichokichambua ni sumu iliyokolezwa, na kuwapa kuku ni kuwapa kipimo kikubwa kuliko gunia zima. Bata ndiye dhaifu kuliko wote, bata mzinga anafuata, kuku anavumilia zaidi, lakini kuvumilia maana yake ni kwamba hafi. Kinga yake inashuka, chanjo haishiki vizuri, mayai yanapungua, na mfugaji anakimbilia antibaiotiki kwa ugonjwa ulioanzia kwenye pumba. Dokta wa Zizi akipita hapa ataeleza zaidi.

Namna za kuziondoa: kwenye mtambo wa biogesi, kwenye lundo la mboji lenye joto la kweli, au kuzifukia mbali na kisima. Marekani inaruhusu mahindi yenye hadi maikrogramu 300 kwa kilo kwa ng'ombe wa nyama walio hatua ya mwisho ya kunenepeshwa, lakini hiyo ni kwa shehena iliyopimwa kwa utaratibu wa #8. Kwa ng'ombe wa maziwa ukomo wao ni 20, na kwa chakula hicho hicho Ulaya hushuka hadi 5.

Kuna udongo wa bentonaiti unaochanganywa kilo 5 hadi 10 kwa tani ya chakula. Unaishika aflatoksini tumboni isipenye kuingia kwenye damu. Unapunguza, haumalizi, na kwa sumu za kuvu wengine kama fumonisini haufui dafu. Anayeuza "dawa ya sumukuvu zote" muulize inashika ipi.

#12 Swalilangu

Nikibadilisha chakula leo, maziwa yanakaa sawa baada ya muda gani?

#13 Ghala Kavu

M1 huonekana ndani ya saa 12 hadi 24 baada ya mlo mchafu, na ukiondoa mlo hushuka hadi kutoonekana ndani ya siku 3 au 4. Pima siku ya tano. Ukiona bado ipo, chanzo hakikuwa kile ulichokiondoa. Angalia mashudu na pumba, siyo mahindi peke yake.

#14 Dokta wa Zizi

Nimeitwa. Naanzia pale Ghala Kavu alipoishia: kuku wenye kinga iliyoshuka na dawa inayofuata.

Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri kabla mazao ya mnyama hayajaliwa, ulioandikwa kwenye lebo, kwa nyama, maziwa na mayai kila kimoja peke yake. Makosa ninayoyaona kwenye rekodi ni yale yale:

Watu wanahesabu kuanzia sindano ya kwanza. Hesabu huanza baada ya sindano ya mwisho.

Watu wanaongeza kipimo "ili iwahi kupona" kisha wanasubiri siku zile zile za lebo. Ukibadili kipimo, njia ya kutoa dawa au aina ya mnyama, namba ya lebo imekufa. Daktari lazima aweke ndefu zaidi.

Ng'ombe akiwekewa bomba la dawa kwenye chuchu moja yenye ugonjwa, watu humwaga maziwa ya chuchu hiyo na kuuza ya tatu zilizobaki. Dawa huingia kwenye damu ikatokea kote. Maziwa yote ya ng'ombe huyo yanamwagwa.

Maziwa hayo yaliyokataliwa anapewa ndama. Hapa ndipo uzi huu unapojirudia: ndama anakunywa kiwango kidogo cha dawa kila siku, bakteria wa tumboni mwake wanaobaki ni wale wasiosikia dawa, na kinyesi chake kinawapeleka kwenye samadi.

Mwenye kutengeneza mtindi ndiye hugundua wa kwanza, bila maabara: maziwa yenye mabaki ya penisilini hayagandi inavyotakiwa kwa sababu bakteria wa kugandisha wamedhurika. Kuchemsha hakuondoi mabaki hayo kwa kiwango cha kutegemewa. Na mwenye mzio wa penisilini hahitaji kingi ili kupata shida.

Kwa kuku wa mayai, dawa nyingi hazina kabisa muda wa kusubiri wa mayai, maana yake haziruhusiwi kwa kuku anayetaga. Wengine husoma nafasi hiyo tupu wakadhani ni sifuri.

#15 Kinu cha Kati

Dokta, antibaiotiki kidogo kwenye chakula kwa ajili ya kukuza ilikuwa kawaida duniani kwa miongo. Wanyama walikua kweli. Tunasema walikosea wote?

#16 Dokta wa Zizi

Walikua, ndiyo. Deni lililipwa na wengine. Dozi ndogo isiyotibu, kwa muda mrefu, kwa maelfu ya ndege banda moja, ndiyo njia ya uhakika ya kuzalisha bakteria sugu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibaiotiki za kukuzia kuanzia Januari 1, 2006, na Januari 2022 ukazuia pia kuzitoa mara kwa mara kwa kundi zima kama kinga. Marekani iliondoa antibaiotiki ya enrofloksasini kwenye kuku mwaka 2005 baada ya Campylobacter, bakteria wa kuharisha kwa watu, kuanza kutosikia dawa za jamii hiyo.

Mfano mzito kuliko wote ni antibaiotiki ya kolistini. Hospitalini ni ya akiba, inatolewa nyingine zote zikishindwa. Mwishoni mwa 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayowapa bakteria usugu dhidi yake na inayoruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, waliyoikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. China ikaizuia kolistini kama kikuzi mwaka 2017. Usugu kwa ujumla ulihusika moja kwa moja na vifo kama milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Wewe mwenye banda unaanza na kusafisha mistari ya maji, kupunguza msongamano, matandazo makavu, kuingiza na kutoa kundi zima kwa pamoja, na chanjo kwa ratiba. Chanjo ya kwenye maji huharibiwa na klorini, kwa hiyo tumia maji yasiyo na klorini au weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 hadi 2.5 kwa lita kabla ya kuichanganya. Dawa ije baada ya kipimo cha kimelea.

#17 Mboji Moto

Naingilia hapo kwenye kinyesi. Sehemu kubwa ya antibaiotiki nyingi, pengine zaidi ya nusu ya dozi, inatoka kwenye mkojo na kinyesi ikiwa bado hai. Kwa hiyo samadi mbichi kwenye bustani ya mboga za kuliwa mbichi inapeleka vitu vitatu kwa mpigo: vimelea, jeni za usugu na dawa yenyewe.

Mboji ya kweli ni joto. Lundo la kugeuza linatakiwa kukaa nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa angalau mara 5 ndani ya siku hizo. Ili lifike huko, uwiano wa kaboni kwa naitrojeni uwe kama 25 hadi 30 kwa 1. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi mno. Kipe ujazo mara mbili hadi tatu wa majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa. Randa za mbao zina kaboni nyingi sana na huoza polepole, zitumie kwa kiasi. Lundo liwe na urefu, upana na kina cha angalau mita moja moja, dogo zaidi ya hapo linapoteza joto. Unyevu: kamata konzi, kamua kwa nguvu, yakitoka matone mawili matatu liko sawa, yakitiririka limelowa.

Kusoma makosa ni rahisi kwa pua. Likinuka amonia, naitrojeni imezidi, ongeza mabua. Likinuka yai viza, halina hewa, geuza. Lisipopata joto ndani ya siku nne, ni kavu au ni dogo. Likivuka nyuzi 70, geuza haraka, hata viumbe wanaoozesha wanakufa.

Sehemu inayowaponza watu ni ganda la nje. Katikati kuna nyuzi 60, juu kuna 30, na Salmonella, bakteria wa kuharisha, iko juu. Kugeuza maana yake ni kuchukua nje na kuipeleka ndani. Na koleo lililogusa samadi mbichi lisiingie kwenye iliyoiva.

Usipoweza mboji, kanuni ya kilimo hai cha Marekani ni nzuri kuifuata: samadi mbichi ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, 90 kwa lisilogusa.

#18 Swalilangu

Kwa hiyo mboji inavunja dawa zote?

#19 Mboji Moto

Tetrasaiklini hupungua sana. Jamii ya enrofloksasini hung'ang'ania kwenye chembechembe na kukaa. Na kuna kitu kingine ambacho joto halikigusi: viuagugu vya aminopiralidi na klopiralidi. Vinapuliziwa malishoni, ng'ombe anakula majani, anapita navyo bila kudhurika, vinatoka kwenye samadi, vinapita kwenye mboji, na vinaua nyanya, maharage na viazi vya mtu ambaye hajawahi kushika kiuagugu. Majani machanga hujikunja kama kikombe na shina linapinda.

Kipimo chake ni maharage. Chukua vyungu vitatu vya samadi iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu, na vitatu vya udongo mtupu, panda maharage, subiri majani halisi matatu au manne. Yakijikunja upande wa samadi tu, usiimwage bustanini. Irudishe kwenye malisho ya nyasi.

#20 Kinu cha Kati

Kuna wanaokausha samadi ya kuku na kuwalisha ng'ombe, wanasema ina protini.

#21 Dokta wa Zizi

Ina naitrojeni, ambayo tumbo la mcheuaji huigeuza kuwa protini. Lakini mzoga mmoja wa kuku uliosahaulika ndani ya matandazo unatosha kuleta botulizimu, sumu ya bakteria inayopooza misuli, ikaangusha kundi. Kondoo hufa kwa shaba inayowekwa kwenye chakula cha kuku. Na chakula cha kuku kilichomwagika kinaweza kuwa na unga wa nyama na mifupa ya wacheuaji.

Hilo la mwisho dunia imeshalilipia. Uingereza iligundua ugonjwa wa ng'ombe kichaa mwaka 1986. Chanzo cha kuenea kilikuwa kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa. Mwaka 1988 ikakataza kuwalisha wacheuaji protini ya wacheuaji, lakini ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba kuna aina ya ugonjwa huo kwa watu.

Mabaki ya jikoni kwa nguruwe yana hesabu yake pia. Ni angalau nyuzi 90 kwa dakika 60, ukikoroga muda wote, ndipo virusi vya homa ya nguruwe vife. Kupasha moto juu juu ni kupoteza kuni. Mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo nchini Uingereza mwaka 2001 ulihusishwa na shamba lililowalisha nguruwe mabaki yasiyopikwa inavyotakiwa, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa.

#22 Chini ya Mto

Mmeongelea sahani sana, maji mmeyaruka. Kwa wastani wa dunia mimea huchukua kama nusu tu ya naitrojeni inayowekwa shambani. Iliyobaki inapanda hewani ikiwemo oksidi ya naitrasi, ambayo kila kilo yake hupasha dunia joto kama kilo 273 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na nyingine inashuka kwenye visima ikiwa naitreti. Ukomo wa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita, uliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga: damu yao inashindwa kubeba oksijeni, ngozi inageuka bluu. Na hapa kuchemsha kunaharibu kabisa, maji yanapungua, naitreti inabaki, kiwango kinapanda.

Fosforasi inasafiri na udongo uliosombwa. Ikifika bwawani, bakteria wa kijani-bluu wanalipuka, maji yanakuwa kama rangi ya kijani iliyomwagwa, na wengine hutoa mikrosistini inayoshambulia ini. Ng'ombe wanaokunywa upande ambao upepo umekusanya utando huo wa kijani wanaweza kufa siku hiyo hiyo. Mikrosistini nayo haiogopi kuchemshwa, na dawa ya kuua mwani ikipigwa bwawani wakati huo inapasua seli na kumwaga sumu yote kwa pamoja. Zuia mifugo kwanza.

Cha kufanya shambani, kabla maji hayajafika bwawani: gawanya mbolea mara mbili au tatu badala ya kuimwaga yote siku ya kupanda, fukia urea sentimita 5 badala ya kuiacha juu, usiweke chochote mvua kubwa ikiwa inakuja ndani ya siku mbili, na acha ukanda wa nyasi usiolimwa kando ya maji. Anayerutubisha kwa samadi ya kuku kwa kufuata mahitaji ya naitrojeni anakuwa amezidisha fosforasi bila kujua. Pima udongo, fuata fosforasi, kisha jazia naitrojeni kwa mikunde.

#23 Swalilangu

Hii ya mnyama na binadamu nimeelewa. Ndege wa porini na wanyama wasiofugwa wanaingiaje?

#24 Dokta wa Zizi

Kwa mzoga. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ilitumika sana kwa ng'ombe nchini India na nchi jirani. Ng'ombe aliyekufa muda mfupi baada ya sindano aliliwa na tumbusi, na kiasi kidogo tu kiliua figo zao. Spishi tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Chanzo kilithibitishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo. Kwa kuwa mizoga haikuliwa tena kwa haraka, mbwa wa mitaani waliongezeka, na mbwa ndio wabebaji wakuu wa kichaa cha mbwa. Meloksikamu inafanya kazi ile ile kwa ng'ombe na haikuonekana kuwadhuru tumbusi. Ketoprofeni inawadhuru.

#25 Kinu cha Kati

Basi mzoga wenyewe tuuondoeje, kama ndege hawausogelei na mbwa hatuwataki?

#26 Mboji Moto

Kuku: kitako cha randa au mabua sentimita 30, mizoga tabaka moja isigusane na ibaki sentimita 20 kutoka ukingoni, mwagia maji kidogo, funika sentimita 30 za randa. Mifupa itakuwa laini baada ya miezi michache na mgeuzo mmoja au miwili. Mbwa wakifukua, kifuniko kilikuwa chembamba. Weka lundo mbali na kisima na mahali pasipotuamisha maji.

#27 Dokta wa Zizi

Hiyo ni kwa mzoga ambao sababu ya kifo unaijua. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limejaa haraka, mwili haukakamai na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au mkunduni: hicho ni kimeta mpaka ithibitishwe vingine. Usimpasue, usimchune, usimpeleke kwenye mboji. Bakteria wa kimeta ndani ya mzoga uliofungwa hufa kadiri unavyooza, lakini wakipata hewa hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazokaa kwenye udongo miongo kadhaa, na nyasi zitakazoota hapo zitaua tena. Ziba matundu yote kwa pamba au nguo iliyolowa formalini asilimia 10, ita daktari wa mifugo wa serikali, mzoga uchomwe hapo hapo ulipoangukia mpaka uwe majivu. Kuchoma kusipowezekana, shimo la mita 2 na zaidi, juu ya usawa wa maji ya ardhini. Waliogusa wapelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na waseme walichogusa.